Utepe Mwekundu na Kunguru wa Rashi

Wengi mmeniuliza kwa nini nimerudi Dar pua imeungua, na kwa nini kuna watu kule Geita wananipigia simu na kuniita "Mganga". Nimechoka kusimulia vipandevipande. Kila mmoja wenu ana kipande chake, na vikikutana kwenye kundi letu la simu vinakuwa habari nyingine kabisa. Hii hapa nzima. Mambo ya tiketi na vibali nimeyaruka. Sijaona mtu aliyewahi kucheka kwa sababu ya kibali.

Kwa wale wanaodhani bado nafundisha hisabati za jioni: kazi yangu ni kuandika milinganyo ya kunguru. Simsemi kunguru wetu mwenye kola nyeupe. Namsema yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, mgeni aliyeingia pwani kutoka Asia zamani, akapanda bara mji kwa mji. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mlinganyo wa kawaida wa mwindaji na mawindo unasema mwindaji akila sana, mawindo hupungua. Mawindo yakipungua, mwindaji hufa njaa. Akipungua yeye, mawindo huinuka tena. Mchoro wake huenda kama bembea. Mimi sikuuamini. Kunguru ana sahani ya pili, nayo ni makombo yetu, na mwenye sahani ya pili haogopi kuimaliza ya kwanza. Hilo nililiweka kwenye modeli yangu, kompyuta ikanikubalia, nami nikaanza kutembea kifua mbele.

Shinyanga hadi Mhunze: mwizi analala kwa nani?

Nilishuka Shinyanga asubuhi, nikapata gari la Kishapu lililosubiri abiria mpaka jua likawa la utosi. Pale Kolandoto likasimama tena. Dereva alikwenda hospitali kumwona mgonjwa, "dakika mbili tu", na sote tukashuka kununua mahindi ya kuchoma, maana dakika za hospitali zinajulikana. Alirudi anacheka: shemeji yake amejifungua. Bibi aliyekaa mbele akataka mtoto apewe jina papo hapo, na tulifika Mhunze bado tunabishana juu ya jina la mtoto ambaye hakuna aliyemwona.

Shangazi yangu Holo, dada yake baba, anaishi kijiji kisicho mbali na Mhunze. Ni mjane, na nilikuwa nakwenda kumsaidia katika kesi ya kunguru. Mali yake kubwa ni ngitili, yaani eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza ili mifugo isiingie, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza na kila mahali pengine pamebaki vumbi. Ngitili yake ina migunga mirefu, na ndani yake wanazaliana kanga, kwale, na wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Ng'ombe wake wanavuka kiangazi kwa sababu ya ngitili hiyo.

Alinipokea kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. "Kula kwanza, ng'wanone, mwanangu wewe. Kesi utaikuta palepale ilipo."

Kesi ilikuja yenyewe kabla sijanawa mikono. Jirani yake, Mzee Ngassa, aliingia uani akiwa na kifaranga aliyekatwa kichwa, ameshikwa mguu mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi wa kunguru?"

"Ndiyo mimi."

"Vizuri. Niambie basi. Mwizi wa vifaranga wangu analala kwa nani?"

Nikatazama migunga. Jibu lilikuwa limeketi juu yake linapiga kelele.

"Analala kwa Holo," akajijibu. "Na sisi Wasukuma, anayemlaza mwizi tunamfanyaje?"

"Ngassa," shangazi akasema, "hata wewe ulilala hapa siku ya msiba wa mume wangu. Nikukate kama unavyotaka kuikata migunga yangu?"

Mzee Ngassa alicheka, lakini hakuondoa neno lake. Dagashida, lile baraza la jadi la kijiji, lilikuwa limepangwa kukaa Jumamosi ya wiki iliyofuata kuamua kama migunga ikatwe. Bila miti, majani yale yangekauka mapema, na shangazi angeuza ng'ombe au angewaangalia wakianguka.

Nilimweleza Mzee Ngassa kuwa kosa si la miti. Ni la chakula. Kila wiki kuna mnada wa ng'ombe karibu na kijiji, na nyuma ya vibanda vya nyama choma humwagwa damu, kinyesi cha matumbo, mifupa na makombo. Hiyo ndiyo sahani inayowanenepesha kunguru. Nikamwonyesha mchoro kwenye kompyuta.

Aliutazama kwa adabu. "Hii umeiona kwa macho au umeichora?"

Swali lile ningeliuliza mimi kama ningekuwa yeye. Pale kijijini miti ipo miaka yote na mnada upo miaka yote. Huwezi kujua ni kipi kinachowaleta. Nilihitaji mahali ambapo miti inabaki ilivyo huku chakula kikija na kuondoka ghafla.

"Geita," nikasema. "Kwenye rashi."

Shangazi alishika kiuno. "Umekuja kunisaidia, sasa unakwenda kuchimba dhahabu?"

Kahama hadi rashi iliyokufa

Rashi ni kambi ya wachimbaji inayoota ghafla dhahabu ikisikika, ikafa dhahabu ikikatika. Rafiki yangu mmoja wa Kahama alikuwa amenielekeza kwenye rashi kubwa upande wa Nyarugusu, akaniunganisha na mtu anayekwenda huko: Magesa, Mjita wa Musoma, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha lilikuwa nyuma ya fuso limefungwa kamba kama fahali mkali. Mimi nilikaa mbele, kati ya Magesa na dereva.

"Dada, wewe unafuata nini machimboni? Vitenge au pombe?"

"Nakwenda kuhesabu kunguru."

Magesa alimgeukia dereva. "Umesikia? Na mimi nakwenda kuuza maua."

Kila kijiji tulichopita alitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Rashi ipo?" Mwanzoni waliitikia ipo. Mbele kidogo wakasema, ipo lakini imepoa. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika udaga wa muhogo kando ya barabara akacheka kabla swali halijaisha. "Imehama, kaka. Mmechelewa."

Magesa hakuamini, na katika hilo tulielewana: twende tukaone. Tulikuta vijiti vya vibanda, mifuko ya plastiki, maduara matupu, yaani yale mashimo yao ya kuchimbia, na jiko la mawe lenye majivu baridi. Magesa alikaa juu ya gogo akashika kichwa. Mimi nilikuwa nazunguka nimeinua uso, nafurahi kama mtu aliyekuta arusi.

"Unacheka nini?"

"Kunguru hawapo!"

Miti ilikuwa palepale, mirefu, yenye viota vyao vya waya na vijiti. Kunguru hakuna, wala mzoga, wala manyoya. Modeli yangu ilikuwa imesema wangebaki, wangeanza kufa njaa polepole, na kabla ya kufa wangefagia kila yai la porini. Kumbe niliwafungia ndani ya uzio ambao wao hawakuwahi kuusikia. Chakula kilipoondoka, waliondoka nacho. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe lilimsaidia shangazi kuliko kama ningekuwa nimepatia. Lakini nilijiuliza swali la Mzee Ngassa kabla hajaniuliza yeye: labda walifukuzwa? Labda kuna aliyewatega kwa sumu? Kuona wameondoka ni nusu ya habari. Nilitaka kuwaona wanafika.

"Twende walikohamia," nikasema.

"Kunguru?"

"Watu. Ni kitu kilekile."

Rashi mpya: mashine ya dada wa Dar

Tuliikuta mwendo wa alasiri moja, ndani ya msitu wa miombo. Maturubai ya bluu, moshi, redio tatu zinazogombana, na juu yake kunguru wanazunguka kama wenye mji.

Nilipata malazi kwa Mama Zuhura, mama ntilie kutoka Kigoma, anayehama na sufuria zake kila rashi inapohama. Jina langu lilipomwambia mimi ni Msukuma, alifurahi sana, maana Waha na sisi ni watani.

"Minza! Kumbe Wasukuma mnasoma mpaka chuo? Nilidhani ng'ombe wakishakula daftari ndiyo basi."

"Tulisoma tukitafuta dawa ya kuwaponya Waha uchoyo."

"Basi usile mgebuka wangu." Akaniwekea samaki mkubwa kuliko wa wote, na ugali wa muhogo.

Kesho yake nilianza kazi. Nilichagua vituo vya kuhesabia: vingine jirani na majiko, vingine mbali msituni penye miti mirefu lakini hapana mtu wala kombo. Kila kituo nilifunga utepe mwekundu kwenye mti ili nirudi palepale. Nilikuwa na darubini na kidude cha chuma cha kuhesabia. Ukibonyeza kinalia *ka*, na namba inapanda. Nasimama, natazama juu, jua linaniunguza pua, nabonyeza. Jikoni kidude kililia mpaka kidole kikauma. Msituni kilinyamaza kabisa, nami nikamsikia kwale na chiriku bila wasiwasi.

Mama Zuhura alidhani ile ni tasbihi ya kisasa. Kila nikibonyeza aliwanyamazisha wateja: "Shii, binti wa watu anamtaja Mungu." Nilimweleza. Akasema, "Sawa mwanangu, kila mtu na dini yake."

Wachimbaji walikuwa na maelezo yao. Kwanza, hakuna mtu mwenye akili anayetoka Dar kuja kuhesabu kunguru. Pili, kidude kinacholia mkononi mwa mgeni ni ditekta, mashine ya kunusa dhahabu. Tatu, anayejifanya anatazama juu anaficha kilichoko chini. Siwezi kuwalaumu. Walinitilia shaka vizuri kabisa, hatua kwa hatua. Kilichokosewa ni jibu tu.

Siku ya pili nilirudi kituo cha msituni nikakuta utepe wangu upo na chini yake kuna shimo lenye vijana watatu ndani.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri. Mnafanya nini?"

"Tunahesabu kunguru," akajibu mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakaegemea ukuta wa shimo.

Nilihamisha kituo. Wakahamia nacho. Nikaeleza, nikaapa, nikawaonyesha darubini. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyosadiki. Nani ana dhahabu akakiri? Jioni ile duara moja chini ya utepe wangu likatoa mbale, jiwe lenye dhahabu, kidogo tu, la kutosha kung'aa kwenye karai. Huko ardhi yote ina chenga chenga. Ungemfunga kuku utepe ukachimba alipolala, huenda ungepata. Lakini nani angenisikiliza? Asubuhi msitu wangu mtulivu ulikuwa na mashimo kila upande na maturubai yanasimamishwa. Nilikaa chini nikataka kulia. Vituo vyangu vya kulinganishia, vile visivyo na chakula, vilikuwa vimekufa, na mimi ndiye niliyeviua.

Ndipo nikamwona Mama Zuhura anakuja na sufuria kichwani. "Wateja wamehamia huku, nami nimo." Akawasha moto, akamwaga maji ya dagaa na matumbo ya samaki nyuma ya kibanda.

Nilifuta macho nikachukua darubini.

Siku hiyo alikuja kunguru mmoja, akakaa mbali anachungulia. Siku iliyofuata walikuja wawili wawili, kisha kundi, na kabla shimo la kwanza halijafika kina cha kumfunika mtu, kidude kililia kule msituni kama kilivyolia jikoni. Miti ilikuwa ileile. Udongo uleule, dhahabu ileile chini yake tangu dunia iumbwe. Kilichoongezeka ni sufuria ya Mama Zuhura. Nisingeweza kubuni jaribio zuri kama lile hata kwa ruzuku ya chuo kizima, nami nilikuwa nimepewa na watu walioniona mwongo.

Niliona pia bei yake. Kwale aliyekuwa na kiota chini ya kichaka jirani alipoteza mayai yote. Nilikuta maganda.

Kuondoka: kichwa cha Magesa

Dagashida lilikuwa linakaribia, na hakuna gari lililotaka kunibeba. Dereva wa kwanza alisema amejaa, gari likiwa tupu. Wa pili alisema ukweli: "Dada, wakisikia nimekutorosha, na mimi nitaingia shimoni." Magesa, ambaye karasha lake sasa lilisaga kutwa, alikuja na ujumbe wa heshima: wenye maduara, ambao tayari walikuwa wananiita Mganga, wameniomba nikae mpaka mwezi ukiisha, nifunge utepe kila asubuhi. Chakula bure.

"Kaka Magesa, nina kesi nyumbani. Shangazi yangu anakatiwa miti."

"Tutamnunulia mingine."

Nikaona maneno yameisha. Nikaomba watu wakusanyike pale kwa Mama Zuhura, nikakiinua kidude. Nikakibonyeza juu ya rundo la mawe: *ka*. "Dhahabu!" nikatangaza. Nikabonyeza juu ya mbuzi: *ka*. Juu ya sufuria ya maharage: *ka*. Kisha nikasimama mbele ya Magesa nikabonyeza juu ya kichwa chake kilichonyolewa: *ka, ka, ka, ka*.

"Jamani," nikasema, "tajiri mnaye hapa. Leteni sururu."

Kicheko kilichopanda pale kilirusha kunguru wote. Magesa alijishika kichwa, naye akacheka mwishoni kabisa, kama mtu anayelipa deni. Mama Zuhura akamalizia: "Mwacheni mtoto wa watu aende. Mnajua kabisa hamna kitu, mnataka tu wa kumlaumu mkikosa." Nilimwachia Magesa kidude, nikabaki na kipande cha utepe. Alinipeleka barabarani mwenyewe, lakini tulipoagana aliniuliza kwa sauti ya chini: "Kweli kabisa, hakisikii chochote?"

Dagashida, na shimo la mnadani

Nilifika kijijini baraza limeshaanza. Mashoka mawili yalikuwa yamelazwa mbele ya wazee. Nilidhani nitaruhusiwa kusema mara moja, lakini mchelewaji hutozwa mchenya, yaani faini, kabla hajafungua mdomo. Shangazi alileta jogoo bila kunitazama. Jogoo mwenyewe ndiye pekee aliyekuwa amebakizwa na kunguru. Mzigo wake niliusikia.

Sikutoa kompyuta. Nilisimulia habari za rashi iliyokufa yenye miti bila kunguru, msitu wenye kwale, utepe, mashimo, sufuria, na jinsi walivyofika. Wazee walicheka penye kichwa cha Magesa na wakaniomba nirudie penye maganda ya kwale. Nilichokuwa nacho kwa macho nilikisema kwa uhakika, na pale nisipojua nilisema sijui.

Mzee Ngassa alisimama. "Kwa hiyo unasema kunguru hawapendi miti?"

"Wanaipenda, baba, kama wewe unavyopenda kitanda chako. Lakini hukuhamia kijiji hiki kwa ajili ya kitanda. Ulifuata shamba."

"Na tukikata kitanda?"

"Watalala kwenye paa lako. Asubuhi watakwenda mnadani kula, jioni watarudi kwa vifaranga wako. Mkate, muone. Ila mgunga haurudi kwa msimu mmoja."

Walibishana mpaka kivuli kikahama. Uamuzi ukawa hivi: pachimbwe shimo mnadani, uchafu wote ufukiwe siku ileile, na migunga iachwe mpaka ngitili itakapofunguliwa. Kunguru wakiwa bado wengi siku hiyo, mashoka yaingie. Nilikubali mbele ya wote. Sikulala vizuri, lakini nilikubali. Mlinganyo usioweza kuuwekea rehani kitu unachokipenda ni mapambo tu.

Tatizo, shimo lilikosa mchimbaji. Wachinjaji walisema ni kazi ya kijiji. Kijiji kikasema ni kazi ya wachinjaji. Mnada ukapita, damu ikamwagwa palepale. Shangazi akaanza kuitazama migunga yake kama mtu anayeaga. Alichukua kile kipande cha utepe, akakifunga kwenye mgunga mkubwa kuliko yote, ili kila apitaye ajue mti ule una kesi usiguswe.

Alfajiri moja aliniamsha kwa kunivuta mguu. Tukatoka polepole. Chini ya mgunga, ndani ya shimo lililofika magotini, alikuwa Mzee Ngassa na jembe lake, anatweta.

Katika dagashida nilisema wazi kwamba utepe hauna kitu. Nilisema pia kwamba duara moja lilitoa dhahabu. Kati ya maneno hayo mawili, Mzee Ngassa alichagua moja.

"Mwangaluka, Ngassa," shangazi akamwamkia kwa upole mkubwa.

"Mwangaluka," akajibu kutoka shimoni.

"Naona unatafuta kunguru."

Kuingia ngitili iliyofungwa kuna mchenya wake, na kuchimba ndani yake sijui kama kuliwahi kutokea hata kukawa na mchenya. Wazee hawakuhangaika kuutafuta. Walimwambia kwamba mtu wa umri wake mwenye nguvu za kuchimba kabla ya jua kuchomoza asipotezwe bure. Yeye na wanawe wakachimba shimo la mnadani, refu na safi, wachinjaji wakitazama kwa aibu; mnada uliofuata, wao wenyewe wakashika makoleo kufukia.

Niliondoka kabla ya kuona matokeo. Juzi shangazi alipiga simu. Ngitili bado haijafunguliwa, na sitaki kutangaza ushindi kabla ya siku yake.

"Kunguru wako hawajaisha," akasema.

"Wamepungua?"

"Ngassa anasema wamepungua. Mimi nasema Ngassa anatetea shimo lake." Nikasikia kitu kinachakura nyuma ya sauti yake. "Ila kanga ametoka ngitilini leo na vifaranga."

"Wangapi, shangazi?"

"Ah! Hesabu ni kazi yako. Njoo uhesabu mwenyewe."